Mazungumzo ya Nyumbani: Mganga Aliyehesabu Wafu Wake

Mwezi huu nataka tuketi pamoja tuzungumze juu ya jambo ambalo kila nyumba hulijua, ingawa si kila nyumba hulifikiri. Jambo lenyewe ni huu mlango wa kwanza wa uganga: zahanati ya kijiji, muuguzi wa karibu, mganga yule anayejua jina la mtoto wako na kikohozi cha baba yako.

Mtu akiugua, haanzi kwa hospitali kuu ya mji. Huanza hapo mlangoni. Kazi hiyo wataalamu huiita afya ya msingi, nalo jina hilo lafaa, kwani nyumba isiyo na msingi haisimami. Lakini kwa muda mrefu watu wa elimu waliidharau. Walidhani ya kuwa elimu ya kweli ya maradhi hupatikana penye vyombo vingi na maprofesa tu, na ya kuwa mganga wa kijiji kazi yake ni kutoa dawa ya kikohozi na kuwapeleka wengine mjini. Hawakuona kwamba huko nako kuna jambo la kuchunguzwa. Basi nitawasimulia habari za waganga wachache waliothubutu kuchunguza, ili tuone walipata nini, na tena tuone mashaka yaliyowazuia na yanayozuia kazi hiyo hata leo.

HESABU YA WATU ELFU

Mwaka 1961 mganga mmoja wa Marekani, jina lake Kerr White, pamoja na wenzake wawili, walitoa hesabu iliyowashangaza wengi. Walikusanya habari za Marekani na za Uingereza, wakasema hivi: Tuwatazame watu wazima 1,000 kwa muda wa mwezi mmoja. Kati ya hao, 750 hivi watapatwa na ugonjwa au kuumia. Kati ya hao 750, ni 250 tu watakaokwenda kwa mganga hata mara moja. Watu 9 watalazwa hospitali. Watu 5 watapelekwa na mganga wao kwa mganga mwingine. Na mtu mmoja tu ndiye atakayefika katika hospitali kuu ya chuo.

Fikirini sana hesabu hiyo. Wanafunzi wa uganga walikuwa wakifundishwa katika hospitali kuu, nao walijifunza kwa kumtazama yule mmoja. Vitabu viliandikwa kwa habari zake, na dawa zilijaribiwa kwake. Je, wale 749 waliobaki? Wengi wao hakuna aliyeandika habari zao. Na wale 500 ambao waliugua wala hawakwenda kwa mganga? Wako waliopona wenyewe, na wako walionyamaza tu. Hesabu kama hiyo ilifanywa tena Marekani mwaka 2001, nayo ikaonyesha mambo yaleyale kwa sehemu kubwa: katika watu elfu, hakutimia hata mmoja aliyelazwa katika hospitali ya chuo kwa mwezi. Mtu apimaye mto kwa kutazama kikombe kimoja cha maji atakosea, hata kama kikombe chake ni cha dhahabu.

MGANGA WA BONDE LA WENSLEYDALE

Kaskazini ya Uingereza, katika jimbo la Yorkshire, liko bonde liitwalo Wensleydale. Huko, katika kijiji cha Aysgarth, alikaa mganga William Pickles, aliyezaliwa mwaka 1885 na kufariki mwaka 1969. Hakuwa na chuo wala maabara kubwa. Alikuwa na vijiji vyake vya wafugaji na wakulima, macho yake, na daftari.

Mwaka 1929 uliingia bondeni ugonjwa wa ini, ule ugeuzao macho na ngozi kuwa rangi ya manjano. Katika watu kadiri ya 5,700, zaidi ya 250 wakaugua. Pickles akaanza kufuata nyayo za ugonjwa. Akakumbuka ya kuwa asubuhi moja alimwona msichana mgonjwa kitandani, na alasiri ya siku ileile msichana huyo akaamka akaenda kwenye sherehe ya kijiji. Mganga alijua nani alikuwako katika sherehe, nani aliketi na nani, nani ni ndugu wa nani. Hivyo aliweza kuutoa ugonjwa kwa msichana yule na kuufuata mpaka kwa waliokutana naye, kisha mpaka kwa waliokutana na hao. Kwa njia hiyo akajua muda unaopita tangu mtu kuambukizwa mpaka kuugua, yaani siku 26 hadi 35.

Jambo hilo lisingaliwezekana kwa urahisi katika mji mkubwa, ambako jirani hamjui jirani. Udogo wa kijiji, uliodhaniwa kuwa upungufu, ulikuwa ndiyo nguvu yake. Mkewe alimsaidia katika kuchora hesabu za kila siku, na mwaka 1939 Pickles akatoa kitabu juu ya magonjwa ya kuambukiza yalivyoonekana na mganga wa shamba. Chama cha waganga wa namna yake kilipoanzishwa Uingereza mwaka 1952, yeye ndiye aliyekuwa rais wake wa kwanza.

KIJIJI CHA MAKAA YA MAWE

Sasa nawapeleka kwa mtu ambaye kwa ajili yake hasa nimeandika mazungumzo haya. Jina lake Julian Tudor Hart, aliyezaliwa London mwaka 1927. Alisoma katika vyuo vikubwa, naye angaliweza kupata kazi ya heshima mjini. Lakini mwaka 1961 alikwenda Glyncorrwg, kijiji cha wachimba makaa ya mawe katika Wales ya kusini. Kijiji kile kiko juu kabisa mwisho wa bonde, nacho kilikuwa na watu kadiri ya 2,000. Mwaka 1970 shimo la makaa likafungwa, na wanaume wengi wakakosa kazi. Hart hakuondoka. Alikaa huko zaidi ya miaka 25.

Mwaka 1968 alianza jambo lililoonekana kuwa geni. Alitaka kupima msukumo wa damu, ambao wengi wetu huuita presha, wa kila mtu mzima katika kijiji kile, wala si wa wagonjwa tu. Watu wakauliza, Kwa nini kumpima mtu ambaye haumwi? Jibu lake ni jibu la kila mganga mwenye busara. Presha ikipanda haipigi hodi. Mtu aweza kulima, akacheka, akala akashiba, na huku mishipa yake inaharibika siku kwa siku. Mganga akingoja mpaka mtu alalamike, mara nyingi atangoja mpaka kiharusi kimwangushe.

Basi kila aliyefika kwa mganga, awe na kikohozi au kidole kilichokatwa, alipimwa presha. Wale wasiofika walitafutwa. Mwishowe karibu watu wazima wote wa kijiji wakawa wamepimwa, jambo ambalo waganga wa hospitali kubwa hawakuweza kulifanya, kwa sababu wao huwaona wale wanaofika tu.

Mwaka 1971 Hart aliandika katika jarida la waganga liitwalo The Lancet makala iliyompatia sifa duniani. Alisema kwamba matunzo mema ya uganga huelekea kuwa haba pale yanapohitajika zaidi, na kuwa mengi pale yanapohitajika kidogo. Penye wagonjwa wengi na umaskini, waganga huwa wachache, nyumba zao za kazi ni mbovu, na kila mmoja ana mzigo mkubwa. Penye watu wenye afya na mali, waganga hujazana. Tena alisema ya kuwa hali hiyo huzidi kuwa mbaya kadiri uganga unavyoachwa kuuzwa na kununuliwa kama bidhaa sokoni. Nanyi mkumbuke kwamba aliyasema hayo katika nchi ambayo tangu mwaka 1948 ilikuwa na matibabu ya serikali kwa watu wote pasipo malipo mlangoni. Ikiwa huko ilikuwa hivyo, kwingine itakuwaje?

ALIPOHESABU WAFU WAKE

Lakini jambo lililonigusa moyo zaidi ni hili. Hart na mwenzake walichukua habari za vifo 500 vilivyofuatana miongoni mwa watu wao, wasiache hata kimoja. Kwa kila kifo walijiuliza: Je, liko jambo lililosaidia kukileta kifo hiki, ambalo lingaliweza kuepukwa? Na kama liko, lilikuwa la nani? Majibu yao waliyachapisha mwaka 1987, ili kila mtu ayasome.

Walikuta kwamba karibu nusu ya vifo vile vilikuwa na jambo la namna hiyo. Sehemu kubwa ilitokana na wagonjwa wenyewe na maisha yao, kama kuvuta tumbaku. Hospitali zilipata sehemu ndogo sana. Lakini karibu moja kwa tano ya makosa hayo Hart aliyaandika juu ya waganga wa kijiji, yaani juu yake mwenyewe na wenzake: ugonjwa uliochelewa kutambuliwa, mgonjwa aliyesahauliwa.

Ndugu zangu, wengi wetu tumefuata majeneza. Tumerudi makaburini tukaketi, tukasema, Siku zake zimetimia. Pengine ni kweli. Lakini pengine tunasema hivyo kwa sababu twaogopa kuuliza swali lile la Hart. Kuuliza si kumtafuta mchawi, wala si kumfanya jirani kuwa adui. Hart hakuuliza ili apate wa kumpiga mawe. Aliuliza ili kifo cha leo kimfundishe kumwokoa mgonjwa wa kesho. Mtu ambaye huficha kosa lake hulifanya tena. Wahenga walisema, Mficha maradhi, kilio humfichua. Nami naona ya kuwa methali hiyo ni ya mganga pia, si ya mgonjwa peke yake.

Je, kazi ile ilizaa matunda? Mwaka 1991 yalitolewa matokeo ya miaka 25. Vifo vya watu wasiotimia miaka 65 katika kijiji kile, kati ya mwaka 1981 na 1986, vilikuwa pungufu kwa asilimia 28 kuliko katika kijiji jirani kilichokuwa na umaskini uleule, lakini kisichokuwa na kazi ya kuwatafuta wagonjwa kwa utaratibu. Kijiji kimoja ni kidogo, nacho hakitoshi peke yake kuwa ushahidi wa dunia nzima. Lakini ni ushahidi wa kutosha kumfanya mtu asimame afikiri.

MAILI MBILI

Msidhani ya kuwa mambo haya ni ya Ulaya tu. Mwaka 1966 kilitolewa kitabu juu ya uganga katika nchi zisizo na mali nyingi, kikasimamiwa na mganga Maurice King, aliyekuwa Makerere, Uganda. Ndani yake mna habari za hospitali ya Mityana. Walihesabu watu waliofika kutibiwa, wakatazama kila mmoja ametoka wapi. Wakaona ya kuwa kwa kila maili mbili mtu akaazo mbali zaidi na hospitali, mahudhurio hupungua kwa nusu.

Ninyi mnaojua hesabu, ifanyeni. Kwa kila safari nane za mtu akaaye penye lango la hospitali, yule wa maili mbili atakwenda mara nne, yule wa maili nne mara mbili, na yule wa maili sita mara moja tu. Je, yule wa maili sita ana afya mara nane kuliko mwenzake? Sivyo. Ana njia ndefu, ana mtoto mgongoni, ana shamba lisilongoja. Naye mganga aketiye hospitalini akihesabu wagonjwa wake, atadhani ya kuwa mbali hakuna ugonjwa. Hilo ndilo shaka kubwa la uchunguzi wa namna hii: wanaoumia zaidi ndio wasioonekana katika daftari.

Katika Tanzania nako, kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, wilaya za Rufiji na Morogoro vijijini zilifanya kazi ya namna hiyo. Watu walikwenda nyumba kwa nyumba kuuliza nani amekufa na kwa ugonjwa gani, kisha wakalinganisha habari hizo na matumizi ya fedha. Ikaonekana kwamba huko Morogoro malaria ilichukua kadiri ya asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, ilhali katika mwaka 1996 ilipewa kadiri ya asilimia 5 tu ya fedha za afya. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ni kwamba fedha ziligawanywa kwa mazoea, na vifo vya nyumbani havikuwa na msemaji. Walipojua, wakaanza kuzigawanya kwa kufuata maradhi yenyewe.

MUDA NA MAZOEA

Yako mashaka mengine mawili ambayo uchunguzi umeyaonyesha waziwazi.

La kwanza ni muda. Mwaka 2017 wachunguzi walikusanya habari za nchi 67 ili kujua mgonjwa hupata muda gani mbele ya mganga wa kwanza. Huko Sweden walikuta wastani wa dakika 22 na nusu. Huko Bangladesh walikuta sekunde 48. Na katika nchi 18 zenye kadiri ya nusu ya watu wote wa dunia, muda ule haukuzidi dakika tano. Katika sekunde 48 mtu hawezi hata kueleza maumivu yalianza lini. Na mganga mwenye foleni ndefu namna hiyo ataandika nini katika daftari? Ataandika neno moja, nalo pengine si la kweli. Mchunguzi atakayekuja baadaye kusoma daftari lile atajenga juu ya mchanga.

La pili ni kujuana. Huko Norway kila mwenyeji huandikwa kwa mganga wake. Wachunguzi walitazama habari za watu milioni nne na zaidi, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2022. Waliokaa na mganga yuleyule zaidi ya miaka 15, ukiwalinganisha na waliokaa naye mwaka mmoja, walikuwa na hatari ya kufa iliyopungua kwa kadiri ya asilimia 25, na kulazwa kwa ghafula kulipungua vilevile. Mambo mawili yakifuatana si lazima moja liwe limezaa la pili. Lakini hapa kadiri miaka ya kujuana ilivyoongezeka, ndivyo hatari ilivyozidi kupungua. Mganga akujuaye huona mapema ya kuwa leo uso wako si uso wako.

Mwaka 1978 wajumbe wa nchi 134 walikutana Alma-Ata, katika Kazakhstan, wakatangaza kwamba afya ya msingi ndiyo njia ya kuwafikishia watu wote afya. Walitaja mwaka 2000 kuwa ndio mwisho wa safari. Mwaka ule ulipita na safari haijaisha. Mwaka 2018 mataifa yalikutana tena katika nchi ileile, mji wa Astana, yakatia nadhiri upya. Nadhiri ni njema, ila nadhiri haimpimi mtu presha.

TUFANYE NINI

Basi, msomaji wangu, usiyasome haya ukayaacha juu ya meza. Yako mambo yaliyo mikononi mwetu.

Kwanza, ukiwa mtu mzima, kapimwe presha hata kama huumwi popote. Usingoje kichwa kiume.

Pili, tunza karatasi zako na daftari lako la matibabu kama utunzavyo hati ya shamba. Ukiweza, rudi kwa mganga yuleyule, au zahanati ileile, ili habari zako ziwe mahali pamoja.

Tatu, mwambie mganga kweli yote. Ukinywa dawa ya mizizi, sema. Ukiacha vidonge katikati, sema. Aibu ya dakika moja si kitu mbele ya dawa iliyokosewa.

Nne, wakija wachunguzi kuuliza maswali nyumbani, msiwafukuze wala msiwaogope bila sababu. Lakini mnayo haki ya kuuliza: Mwatafuta nini? Habari zetu zitatunzwaje? Mtaturudishia majibu? Mwenye nia njema atajibu, wala hatakasirika mkikataa.

Tano, na hili ndilo kubwa kwangu: jueni nani katika kijiji chenu hafiki zahanati. Yuko bibi mzee aliye ng'ambo ya mto. Yuko mama mwenye watoto wanne asiye na nauli. Yuko kijana aonaye haya. Hao ndio wale wa maili sita. Daftari haliwaoni, lakini sisi twawaona kila siku, tukipita njia. Nendeni mkawaulize hali, mkawasindikize.

Hart alifariki mwaka 2018, akiwa na umri wa miaka 91. Hakuacha hospitali kubwa yenye jina lake mlangoni. Aliacha swali lake, nalo ni jepesi kwa kulisema: Je, jambo hili lingaliweza kuepukwa? Mwezi ujao, mkirejea makaburini au mkitoka kumtazama mgonjwa, ulizeni swali hilo kwa upole, kila mtu akianza na nafsi yake.

Wasalaam, hata mwezi ujao.